Tofali la Hatua ya Kumi na Moja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, anagonga tofali kwa kichwa. Si kichwa chake. Ni cha kikatuni chenye buti kubwa kinachorukaruka kwenye skrini. Tofali linapasuka, naye anaandika: "Limevunjika." Anahamia la pili.

Ni mjaribu wa michezo ya kompyuta. Kwa miaka sita amevunja matofali ambayo hayajamjengea mtu hata choo. Wenzake walimbatiza Bomoabomoa.

"Mama yangu mwenyewe huniambia, 'Mwanangu, ukichoka kucheza, uje unisaidie kufua,'" anasema, bila kucheka. Kidole gumba cha kulia kimefungwa bandeji.

Alikuwa akimaliza matofali mia nne kwa siku, kila moja mara nane: pande nne kikatuni kikiwa kikubwa, nne kikiwa kidogo. Katika mchezo huu, anayejeruhiwa husinyaa, na aliyesinyaa hana nguvu ya kuvunja kitu.

Hapo ndipo alipoligundua kosa. Hatua ya kumi na moja ina shimo lililozibwa juu kwa matofali, na ubavuni lina mwanya ambao mdogo tu ndiye anayepenya. Akishatumbukia, mwanya haufikii tena. Hafi, hatoki. Mchezaji inabidi azime kila kitu aanze upya.

Aliripoti mara tatu. Mara zote bosi alimjibu: "Hakuna atakayefika huko."

Walifika, tena wengi. Mchezo ulipoingia sokoni malalamiko yalimiminika, na kampuni ikatafuta wa kumtwisha lawama. Ripoti zake zilikuwa zimeshafutwa.

"Nikaambiwa sikuwa makini. Mimi! Niligonga lile tofali mpaka nikaliota."

Akaachishwa kazi. Tangu hapo kampuni mbili zimemkataa, kila moja baada ya kupiga simu hapa kuuliza habari zake.

Leo kampuni hii hii iliyomwachisha imemwita, kibarua cha siku moja. Tofali moja la lile shimo limerekebishwa ili hata mdogo aweze kulivunja, na hakuna mwingine mwenye subira ya kulijaribu. Wenye haya wachache duniani, na hapa hawajaajiriwa.

Kwa nini alikubali? "Nataka barua. Iseme tu kwamba niliona, nikasema."

Kikatuni kidogo kinatumbukia shimoni, kinaruka, kinagonga. Tofali linapasuka. Anarudia mara saba zaidi.

Bosi anapita na kikombe cha chai. "Vipi dada, limevunjika?"

"Limevunjika, bosi. Na ile barua yangu?"

"Tutaangalia, dada. Ukimaliza unaweza kwenda."

Anamtazama mpaka mlango unapofungwa.

"Jumatatu nina usaili kwingine," anasema, akizima mashine. "Nitawaeleza ukweli wote. Halafu watapiga simu hapa kuhakikisha, na atakayepokea ni huyo."

Anachukua mkoba. "Lakini nitaenda. Nikae nyumbani nifanye nini?"