Taaka, Kesho Sitafika kwa Mazishi Yako

Watu wangu, hii habari imekataa kuingia kichwani. Taaka, dada ambaye tumekaa naye meza moja hapa ofisi ya clearing ya mizigo, mpakani Malaba, ametutoka. Jumamosi alilalamika kichwa, tukamkimbiza hospitali ya Kocholia. Jumapili jioni presha ikamchukua.

Naandika nimesimama. Nikikaa nasimama tena. Nikiwasha redio nazima, nikizima ofisi inanishinda, nawasha tena.

Na redio yenyewe ni yake. Redio ya taifa, idhaa yetu ya huku, kutoka tukifungua mpaka tukifunga. Gusa tu hiyo stesheni, utamjua Taaka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilibadilisha niweke muziki. "Boss, rudisha." Nikamwambia hiyo ni redio ya serikali, kazi yao ni kusifu wakubwa. Alicheka mpaka majirani wakachungulia. "Ya serikali? Ni yangu na yako, kodi yetu ndiyo inailipa. Wakisifu wakubwa, wewe umewahi kuwapigia simu ukawagombeza? Basi nyamaza."

Yeye alikuwa anawapigia! Kuna asubuhi mtangazaji alisema hapa mpakani mambo ni shwari. Shwari wapi? System ya forodha ilikuwa down, malori yamepangana huko nyuma mpaka macho hayafiki, madereva wanachemsha chai chini ya trela. Taaka akapiga, akawekwa live. "Ndugu mtangazaji, nani amekwambia mambo ni shwari? Toka studio ukuje uone. Sisi ndio tunakulipa, tuambie ukweli."

Wueh! Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini kesho yake ripota alikuja, na madereva wakaongea wenyewe, wa Kenya na wa Uganda.

Ndiyo sababu tuliposikia kwamba pesa za idhaa za lugha zetu zinaweza kukatwa, Taaka hakutulia. Kila mtu alimsimamisha, mama wa mihogo, dereva wa Kampala, hata polisi wa geti. "Ikizimwa, nani atakusomea habari za huku kwetu Marachi kwa lugha ya mama yako? Hizo redio za matajiri? Hao wanatukumbuka wakati wa kampeni tu."

Kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya hizo pesa ni kesho Alhamisi, Busia mjini. Taaka ndiye alikuwa aongee kwa niaba yetu watu wa Malaba. Amekuwa akifanya mazoezi hapa ofisini, mimi najifanya mheshimiwa, namkatiza makusudi, na yeye anawaka kweli kweli.

Na kesho ndiyo anazikwa, Funyula. Saa zile zile.

Nyinyi mnajua kwetu. Kukosa mazishi ya mtu wako si kitu utaelezea ueleweke. Utaulizwa mpaka na wewe ufe.

Jana nilikuwa kwao matangani. Ndugu yake Wandera alikuwa ametengeneza poster ya tanzia, imezunguka WhatsApp zote. Mama yao akataka tangazo lisomwe redioni pia. Wandera akasema, "Mama, aki nani husikiza matangazo ya vifo siku hizi?" Mama akatuma tu mtu alipeleke. Likasomwa baada ya habari za saa saba.

Kabla jua halijashuka, senge yao, dada ya baba, akafika kwa boda boda kutoka Majanji, ng'ambo Uganda. Hana simu. Alianza kulia kutoka barabarani. "Nilikuwa napepeta mtama, nikasikia jina la mtoto wangu!" Wandera akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko.

Hapo ndipo nilimwendea Mama. Nikasema, "Mama, Alhamisi..." Alikuwa ameshajua. "Mwanangu, kaburini watu watajaa. Huko kwa kikao, usipoenda wewe, nani ataenda?" Nikamwambia watu watasema. "Waambie wakuje waniulize mimi."

Lakini bado sina amani. Tangu asubuhi nimebadilisha mawazo, naenda Funyula, hapana, naenda Busia. Mimi si msemaji, Taaka, unanijua. Mbele ya watu mdomo unakauka. Naogopa nitasimama pale nianze kulia. Naogopa zaidi kwamba nitasema vizuri, wapige makofi, na bado waizime.

Na nimekukasirikia pia. Nisamehe, lakini nimekasirika. Hata wiki moja ungetungojea!

Wale mnaenda Funyula, mkiulizwa niko wapi, semeni ukweli, msinitungie ugonjwa. Wale mko Busia, Matayos, Malaba, nawaomba mje ukumbini, hata kama hamtasema kitu. Mkae tu, waone redio ina wenyewe.

Taaka, mchanga wangu atakurushia Mama, ameniahidi. Kwaheri yangu nakupa hapa mbele ya watu wote, kwa sababu sitakuwa na nyingine. Kesho wakikuteremsha, mimi nitakuwa Busia nimeshika mic, natetemeka, lakini naongea.

Haya, dada yangu. Lala kwa amani.