Lori Nisilolipanda

Nilinunua baiskeli kwa sababu nilichoka kusukuma lori. Sisi wafanyakazi wa depo ya kahawa, kule chini karibu na ziwa, tulikuwa na lori la kutuchukua kila asubuhi, na watu wa Goma walisema tuna bahati. Bahati gani! Mimi nilikaa upande wa Ndosho, ambako miaka ile ya hamsini palikuwa mashamba ya maharage na mawe ya volkeno tu. Lori lilitupitia alfajiri, likazimika mara mbili tatu njiani, nasi tukashuka kulisukuma, kisha tukapanda ili lizimike tena. Baiskeli ilinifikisha kazini nusu saa kabla yao, nguo kavu, tumboni uji niliokunywa nikiwa nimeketi na mke wangu.

Siku ya kwanza kabisa kapita, msimamizi wetu, aliandika kwamba sikuja.

Hapo zamani wafanyakazi walishuka kwenye lori na kupotelea sokoni Birere mpaka saa sita. Direkta, Mzungu wetu mkuu wa depo, akaweka sheria. Lori likisimama getini, mtu ataitwa jina akiwa bado juu, ataitika "prezan", yaani nipo, atapigwa alama kitabuni, ndipo ashuke. Asiyeshuka hakuja. Asiyekuja mara tatu, kazi imekwisha.

"Lakini niko hapa, Papa! Nimefika mbele yenu wote!"

"Miye nakuona muzuri," kapita akasema, bila ubaya wowote. "Kitabu ndiyo haikuoni. Ulishuka ku kamyo gani?"

"Nilikuya na velo."

"Basi leo haukukuya."

Siku nzima nilipima magunia nikiwa sipo. Jioni wenzangu waliniuliza kama mtu ambaye hakuja anaweza kuwashikia mlango.

Kesho yake nikaenda kwa direkta mwenyewe. Nyumba yake ilitazamana na depo, barabara tu katikati, lakini kila asubuhi alikuja kwa gari. Dereva alilitoa getini kwake kinyumenyume, akaligeuza, akalisimamisha getini kwetu, akazunguka kufungua mlango. Kwa muda huo mtu mzima angevuka kwa miguu mara nne. Nilimsubiri ashuke, nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza kwa upole. Akasema akiruhusu baiskeli leo, kesho watu watakuja kwa miguu, na hapo tutafika wapi? Wakati ananieleza hayo, lori liliingia, majina yakaitwa, nami nikakosa mara ya pili.

Ilibaki mara moja. Nyumbani mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na kazi nyingine sikuwa nayo.

"Uuzishe iyo velo," akasema.

"Siiuzishi!" Nilimjibu kwa hasira ambayo haikumhusu yeye, na mpaka leo naionea aibu.

Basi kila asubuhi nilifika kazini kwa baiskeli, nikaiegemeza ukutani, nikatembea kurudi hadi konani ambapo lori hupunguza mwendo. Pale nilidandia kwa nyuma, nikasafiri hatua mia, nikaitika "prezan", nikashuka. Siku ambazo lori lilizimika kabla ya kona, niliwafuata huko liliko, tukalisukuma pamoja. Niliyenunua baiskeli ili nisisukume lori, sasa nilikuwa nalisukuma nikiwa nimeshafika.

Asubuhi moja ya mvua, nikiwa bado juu ya baiskeli, nilikuta lori limelala njiani, ekseli imekatika, na wenzangu kumi na tisa wamelizunguka kama wafiwa. Kapita alikuwa ameficha kitabu ndani ya koti. Jina lake mwenyewe ndilo lilikuwa la kwanza humo, na asiposhuka kwenye chombo chochote, naye atakuwa hakuja.

"Velo yako inaweza beba watu wawili?" akaniuliza, macho chini.

Nakiri nilimwacha asubiri kidogo mvuani. Raha niliipata. Kisha nikamwambia, "Panda, Papa," maana ile mara ya tatu ilikuwa inanisubiri na mimi.

Direkta alikuwa getini, kando ya gari lake, mwavuli juu.

"Usishuke kwanza," kapita akaninong'oneza. Akafungua kitabu mgongoni mwangu, akaita jina lake kwa sauti, akajiitikia "prezan". Akaita langu. Nikaitika. Nilihisi penseli ikichora alama mbili kitabuni, mgongoni mwa koti langu lililoloa.

Direkta aliitazama baiskeli muda mrefu, tairi ya mbele, tairi ya nyuma.

"Sasa mushuke," akasema.

Tukashuka. Tulikuwa tumekuja.

Ndipo wenzetu walipotokea konani, kwa miguu, matope hadi magotini. Wengi wao nao walibakiwa na mara moja tu. Kapita aliwatazama, akamtazama direkta, akanigeuzia usukani.

"Urudi pale ku kona," akasema. "Uwalete mumoja mumoja."

Nikawaleta. Hatua mia, "prezan", shuka, rudi. Wa mwisho alikuwa mpishi wa depo, mtu mwenye mwili wake. Katikati ya njia miguu yangu iligoma, baiskeli ikasimama, na wote waliokwisha kufika wakatoka getini mbio, wakaja nyuma yangu kunisukuma.