Askari Aliyekaa Upande

Fundi cherehani yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi kwa ukali wa ulimi wake, hakutaka kitu kingine mwaka ule ila nafasi ya mwisho katika timu ya sataranji ya klabu yao. Aliyemkalia njiani ni shemeji yake, kaka wa mumewe, kinyozi mwenye duka mlango wa pili. Atakayeshinda kati yao ndiye atakayesafiri na timu.

Shemeji alimjua nje ndani. Bi Mkasi hufungua mchezo kwa kumtoa askari mmoja, kete ndogo ya mbele, bure. Ukimla tu, njia zake zinafunguka, na hapo anakuwa moto wa kuotea mbali. Mara mbili kinyozi alikuwa ameikataa zawadi hiyo na kumfunga kiulaini. Safari hii alijiapiza mbele ya wateja kwamba hatamla askari huyo. Bi Mkasi aliposikia, roho ilimuuma kweli.

Lakini na yeye alimjua shemeji. Mtu huyo akiona picha imepinda ukutani, hata kwenye nyumba ya watu, lazima ainyooshe. Kichwa cha mteja hukigeuza kwa vidole viwili mpaka kikae sawa, ndipo apumue.

Basi siku ya mchezo, Bi Mkasi akamsogeza askari wa zawadi, akamwacha ukingoni kabisa mwa mraba wake. Akabonyeza saa, akakunja mikono. Kinyozi akatabasamu, akatazama pembeni. Akarudisha macho. Akajikuna kidevu. Vidole viwili vikaja taratibu, vikamweka askari katikati.

"Umegusa, shemeji," akasema Bi Mkasi. "Ukigusa, unakula."

Mwamuzi akaafiki, maana kinyozi hakutangulia kusema kwamba ananyoosha tu. Kinyozi akamla askari yule kama anayemeza dawa chungu. Farasi wa Bi Mkasi wakaingia, malkia akafuata, na mfalme wa kinyozi akakosa pa kujificha.

Kinyozi akampa mkono, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ulimweka upande makusudi?"

"Mimi nashona kola, shemeji. Kitu changu kikikaa upande, jua nina sababu."

Siku ya safari kinyozi alifunga duka, akambebea begi mpaka ndani ya basi na kuliweka chini ya kiti. Akaaga, akashuka. Halafu akapanda tena, akalinyoosha.