Nyundo ya Muzee wa Mawe

Wiki hii nilipanga mstari mbele ya karani wa mtaa hapa Goma, nikiwa na shitaka langu: jirani yangu na gramafoni yake. Mbele yangu alisimama papa mmoja, baba wa makamo, kofia mkononi, naye amekuja kushitaki jirani.

"Huyu muzee anapiga nyundo kuanzia asubui mpaka jioni," alisema. "Mutoto wangu hawezi kulala."

Muzee mwenyewe alikuwa ameitwa, akasogea mbele, vidole vyake vimefungwa vitambaa.

"Ninavunja mawe ya volkano, karani. Kiwanja changu ni jiwe tupu. Bibi yangu alikataa kutoka kwetu Masisi, akasema hawezi kuishi mahali hapaoti maharagi. Nikamuambia, nitakuvunjia shamba."

"Basi umalize haraka," karani alisema, "mama aje, na majirani wapumzike."

Muzee alitazama vidole vyake. "Tulimuzika kabla ya mvua kuanza."

"Sasa unavunja kwa nini?"

"Nikiacha, nitasikia nini mule nyumbani?"

Karani aliweka kalamu chini. Yule papa alivaa kofia yake, kisha akaivua tena. "Futa shitaka langu," alisema. "Nilifikiri ananipigia mimi."

Zamu yangu ilipofika, nilimwambia karani nimesahau kilichonileta. Gramafoni ya jirani yangu hupiga wimbo mmoja tu, kila siku ya Mungu. Miaka mitatu nimeulaani wimbo ule, na sijamuuliza hata mara moja kwa nini ni huo tu.