Ukwato wa Mbuzi Kwenye Boti ya Kisorya

Kwa Nyamburi, kukandika ukuta kulikuwa ugomvi mtamu. Ukuta unataka kupasuka, yeye anataka utulie, na mwisho wa siku ukuta ndio uliotulia. Huko kwao Butiama, upande wa Mwitongo, mtu akisikia ana wageni, kabla hata hajakimbiza kuku alituma mtoto amwite Nyamburi aje na ndoo yake ya samadi na majivu. Sakafu aliyoisiriba yeye ungeweza kumwaga maziwa juu yake ukayakinga yote pembeni bila kupoteza tone. Maneno hayo ni yake mwenyewe, lakini hakuna aliyewahi kumbishia.

Mwaka 1975, mumewe akiwa amefariki miaka mitatu nyuma, akasikia kwamba Musoma kuna karakana mpya kando ya ziwa. Inatengeneza boti za vijiji vya ujamaa, tena boti zisizo na ubao wala msumari. Boti za kitambaa, watu wakasema, na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nyamburi hakucheka. Aliuliza hicho kitambaa kinakandikwa kwa kitu gani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akaamua kwenda kujionea. Binti yake Gati, wa miaka tisa, akamwacha kwa bibi yake mzaa baba, naye akapanda lori la pamba kwenda mjini.

Walimpa ufagio. Mkuu wa karakana alikuwa Boniphace Mseti, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, aliyesomea kazi hiyo ng'ambo miezi tisa na kurudi na chuki moja kubwa maishani: viputo. Kitambaa chenyewe kilikuwa nyuzi za kioo, zilizofumwa kama mkeka mweupe. Mkeka ulitandazwa, ukaloweshwa kwa resini, gundi nzito yenye harufu ya kupasua kichwa, halafu mkeka mwingine juu yake, na mwingine, mpaka ikashikana na kuwa kitu kimoja kigumu kuliko mninga. Lakini hewa ikibaki katikati, hapo ndipo maji yatakapoingia siku moja. Ndiyo maana Boniphace aliviota viputo hata usingizini, au ndivyo mkewe alivyowaeleza watu kanisani.

Wiki tatu Nyamburi alifagia huku jicho lake likiwa kwenye kazi. Aliona wanaume wale wanavyopaka gundi mbio mbio kama watu wanaopaka chokaa ofisi ya kijiji siku moja kabla ya ugeni. Aliona pia wanavyozidisha dawa ya kugandisha, ndoo ikachemka bila moto na gundi ikawa jiwe, brashi imesimama wima katikati. Siku ya kwanza ya wiki ya nne akaweka ufagio ukutani, akaomba glavu. Akasukuma hewa kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, kama alivyosukuma ukuta maisha yake yote. Boniphace akainama na tochi kutafuta kiputo. Hakukipata hata kimoja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatafuta upya.

Kuanzia hapo ufagio ulipata mtu mwingine. Lakini kwenye daftari Nyamburi alibaki kibarua, na hapo ndipo palipomuuma. Fundi alipewa chumba kwenye nyumba za karakana, chumba na jiko lake. Kibarua alijitafutia. Yeye alilala mtaa wa Iringo kwa binamu yake Jeska, mshona nguo, sebuleni kati ya cherehani na magunia ya vitambaa, mahali ambapo hata paka akijinyoosha lazima aombe ruhusa. Pa kumlaza mtoto hapakuwepo. Kila lori lilipotoka Butiama, dereva alikuja na swali lile lile la Gati: mama amepata chumba? Nyamburi alimjibu kwamba bado kidogo, kisha akageuka upande ili dereva asimwone uso.

Boniphace alikuwa ameahidi mbele ya watu: boti ya kwanza ikitoka salama, Nyamburi ataandikwa fundi.

Sasa, boti ya namna hii huanza na boti nyingine. Kwanza walichonga moja ya mbao, wakaipindua kifudifudi uani, wakaipaka lipu ya resini na unga wa chaki mpaka ikawa laini kama yai. Hiyo waliiita mama. Juu ya mama ndipo walipotandaza mikeka kutengeneza kalibu, na ndani ya kalibu ndipo boti zote zingezaliwa. Boniphace aliwaonya asubuhi na jioni kwamba chochote alichonacho mama, kovu au chunusi, kila mtoto atazaliwa nacho. Kazi ya kumlainisha mama akapewa Nyamburi.

Jioni aliyomaliza, alimpaka mama tabaka la mwisho la lipu na kulitia dawa kidogo tu, lisigande kabla hajalisawazisha. Wenzake walikuwa wamechanga wakanunua mbuzi wa kusherehekea, beberu mwekundu mwenye macho ya kudharau watu. Nyamburi mwenyewe ndiye aliyemfunga, haraka haraka, mikono ikiwa bado inanata, kisha akaenda zake Iringo akiimba.

Asubuhi alimkuta beberu yuko huru, ameshiba majani ya bustani ya mlinzi wa karakana, mzee Ryoba. Na mgongoni mwa mama kulikuwa na nyayo za kwato. Mbuzi na kitu kilichoinuka unawajua wenyewe. Alikuwa amepanda, akatazama ziwa, akashuka, na lipu ikaganda na nyayo zake vizuri kabisa.

Nyamburi alihesabu tano. Kabla wenzake hawajafika alikoroga lipu mpya, akazijaza zote, akazisugua kwa msasa na maji mpaka jasho likamtoka. Kwa upande wa ukutani, ambako nafasi ilikuwa finyu, alichungulia tu. Boniphace alipoingia akamkuta anapaka nta ya kuzuia kalibu isinate, akamsifu kwa kuwahi. Hapo ndipo angesema. Akafikiria chumba na jiko lake, akaendelea kupaka nta.

Siku boti ya kwanza ilipotolewa kwenye kalibu, ilitoka kwa mlio mmoja mfupi, ya buluu, inang'aa, na uani watu wote wakapiga vigelegele na makofi. Kisha wakasogea kuitazama. Kwenye shavu la kulia la boti, karibu na pua yake, palikuwa na ukwato mmoja wa mbuzi, vidole viwili wazi kama muhuri wa ofisi.

Boniphace aliupapasa kwa kidole. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliuliza uwanja ule unalindwa na nani, na macho yote yakaenda kwa mzee Ryoba. Mzee huyu alikuwa amemtania Nyamburi tangu siku ya kwanza, akimwita fundi wa samadi, na sasa alisimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Boniphace akasema mlinzi asiyeona mbuzi hataona mwizi, kesho asirudi.

Kwa Nyamburi kunyamaza kulikuwa rahisi sana, tena kazi ilikuwa imeshafanywa na mdomo wa mtu mwingine.

"Mkuu, huyo mzee mwache," alisema. "Mbuzi nilimfunga mimi. Na nyayo zilikuwaga sita, tano nikazifuta mwenyewe, nikanyamaza. Hiyo moja sikuiona."

Boniphace aliondoa kidole kwenye ukwato.

"Kukosea, tungetengeneza," alisema. "Ila umeficha. Mtu anapandaga chombo hiki na watoto wake, Mama Gati. Fundi anayeficha simtaki."

Mzee Ryoba alibaki na kazi yake. Nyamburi alibaki kibarua. Mbuzi aliliwa hivyo hivyo, kwa hasira, na Nyamburi anakiri kwamba nyama yake ilikuwa tamu na kwamba jambo hilo lilizidi kumuudhi. Jioni ile dereva wa lori alikuja na swali la Gati. Nyamburi alilia mbele yake bila kujificha.

Boti ikaenda Kisorya na ukwato wake, kwa sababu wanakijiji walishasubiri vya kutosha na alama ile haikuidhuru kitu. Nyamburi akapewa msasa na kuambiwa aingie ndani ya kalibu, ambako ukwato ulikuwa umetokeza kama uvimbe, ausugue uishe. Aliusugua siku mbili. Boti nne zilizofuata zikazaliwa na mashavu safi, na hakuna aliyetaja mbuzi tena isipokuwa mzee Ryoba, ambaye aliacha kumtania na kuanza kumletea mahindi ya kuchoma. Heshima ile ilimchosha Nyamburi, akatamani utani urudi.

Miezi minne ikapita. Wakaja wageni kutoka Kisorya kuchukua boti yao ya pili, wakiongozwa na mwenyekiti wa kijiji, Mayala, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Walioneshwa boti. Mayala akaizunguka mara moja, akaizunguka tena, akauliza alama iko wapi. Boniphace akaeleza kwa fahari kwamba kasoro ile ilisharekebishwa. Wageni wakatazamana.

Mayala akasema basi hawaichukui.

Akaeleza kwa utulivu kabisa. Boti zote za karakana ni za buluu na zote zimefanana. Mwezi uliopita upepo uliikata kamba ya ile yao, ikaenda mpaka upande wa Ukerewe, na walioiokota walikuja nayo wenyewe siku ya pili, kwa sababu ziwa zima linajua yenye ukwato ni ya Kisorya. Hii ya pili wanataka iwe ndugu wa ile. Boniphace akasema lakini lile lilikuwa kosa, ndugu mwenyekiti.

"Ng'ombe wangu kila mmoja ana alama ya kwetu," Mayala alijibu. "Hata yule anayekamuliwaga na jirani. Chombo ninachopanda na roho yangu ndio kikose?"

Karakana ikakosa amani. Mzee Ryoba alijitolea mbuzi wake, wakampandisha kwenye ubao wenye lipu mbichi, na mbuzi yule, ambaye ndugu zake wote hupanda mpaka paa la kanisa, akasimama kama bibi harusi na kukataa kuinua mguu. Walipomkanyagisha kwa nguvu alivuruga lipu yote na kumpaka Boniphace kwenye miwani. Kalibu ilihitaji ukwato ule ule, na mwenye ukwato alikuwa amekwisha kuwa mchuzi.

Nyamburi alitazama yote hayo kutoka mlangoni. Kisha akaomba nta, kopo la resini, dawa, kipande cha mkeka, na nafasi kwenye lori la wageni. Walipita Bunda mchana, jua likiwaka, naye amekumbatia kopo la resini kama mtoto mchanga, mguu wake ukikinga kila shimo la barabara. Kisorya akaikuta boti ya kwanza ufukweni. Aliupaka ukwato nta, akamimina resini, akaweka mkeka, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka hewa yote ikatoka. Alipoubandua alikuwa na kifungo kidogo kigumu kiganjani, ukwato wa yule beberu ukiwa umefufuka, umetokeza kama ulivyokuwa kwenye kalibu.

Musoma aliubandika ndani ya kalibu, mahali pale pale, akasiriba kingo zake kwa ncha ya kidole kama alivyosiriba pembe za sakafu kule kwao. Akamwita Boniphace. Safari hii alimwonesha mwenyewe pahali palipomshinda, ufa mwembamba kama unywele upande wa chini, akasema kesho ataurudia.

Boniphace alivua miwani, akafumba macho, akapapasa. Alitafuta ufa ule kwa muda mrefu na vidole vyake vikapita juu yake mara tatu.

"Usingesema nisingeuona," alisema.

"Ndiyo maana nasema."

Boniphace alikwenda ofisini, akarudi na ufunguo wenye kipande cha ubao kilichoandikwa namba, akauweka juu ya kalibu karibu na mkono wa Nyamburi, akaenda kugombana na mtu kuhusu viputo.

Gati alishuka kwenye lori la pamba siku ya Jumamosi akiwa na kikapu, kuku mmoja na maswali mengi. Kabla ya kuoneshwa chumba alitaka kuona boti. Ya pili ya Kisorya ilikuwa imesimama uani, inangoja kuchukuliwa. Mtoto akatumbukiza vidole viwili kwenye ukwato, vikaenea.

Akauliza hii alama ni ya nani.

Mzee Ryoba alikuwa karibu, akafungua mdomo kusema ni ya mbuzi, kisha akaufunga, akamwachia mwenyewe ajibu.

"Ya kwangu," Nyamburi alisema.

Mzee Ryoba akatikisa kichwa, akabeba kikapu. Fundi wa samadi, alisema, haya, twende ukafungue mlango. Nyamburi akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamfuata na ufunguo mkononi.