Alitoka Lini

Mjini Bukoba, ukitaka ratiba ya mazishi iliyochapwa vizuri, yenye picha ya marehemu isiyo na ukungu, utaelekezwa kwa Dastan Byabato. Duka lake la steshenari liko jirani na soko, na mashine yake ya fotokopi hukohoa kuliko wateja. Kazi hiyo imemfundisha kwamba huku kwetu hakuna mtu mbaya aliyewahi kufa. Wote walikuwa wacheshi, wote walipenda watu, na wote waliugua kwa muda mfupi. Amewachapia majirani, amewachapia mapadri, amemchapia hata baba yake mzazi. Kaka yake tu, Joackim, ndiye ambaye hajamchapia.

Joackim alitoweka wakati Dastan bado anasoma. Nyumbani kwao ni Kimwani, wilaya ya Muleba. Walikuwa wakinywa uji, Joackim akainuka, akasema anakwenda kutazama baiskeli inayouzwa, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Hakurudi. Alitafutwa mialoni kwa wavuvi, polisi na hospitali, akaombewa misa, na mwenye hiyo baiskeli hakuwahi kujulikana. Wengi walisema ni ziwa, lakini ziwa halikurudisha hata kiatu. Kwa hiyo pale kibanjani, katikati ya migomba wanakolala wazee wote wa ukoo, yeye hana kaburi.

Mtu akikaa na jambo kama hilo, ama atalewa ama ataandika. Dastan aliandika. Alichapa riwaya yake mwenyewe, akachora jalada mwenyewe, akaipeleka kwa mchapaji Mwanza kwa gharama yake, akaiuza juu ya kaunta baina ya bahasha na karatasi za mitihani. Aliiita *Saburi Alitoka*. Saburi ni Joackim, na hilo halikumpotosha mtu yeyote wa Kimwani. Katika sura ya mwisho Saburi anazama ziwani, na kwa kuwa mwili haupatikani, ndugu zake wanauvika mgomba shati lake na kuuzika kibanjani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa kijijini waliisoma riwaya kama tangazo la kifo. Walisema Dastan anakaa mjini, anachapa habari za misiba, bila shaka ana taarifa. Baba yake mdogo, Ta Damian, alikuja na jamaa kumpa pole mama yake Dastan, Ma Gaudiosa, wakiwa na kuni na mikungu ya ndizi kama inavyofanywa kwenye msiba. Ma Gaudiosa alipokea kuni, akapokea ndizi. Wengine nao walianza kupita dukani na habari za kinyume. Mmoja alikuwa amemwona Joackim sokoni Kagoma akiuza kamba. Mwingine alimwona juu ya lori, amevaa koti la mvua, akampungia mkono. Dastan aliwasikiliza wote, na kila mmoja alipoondoka, alibaki anautazama mlango.

Tangu siku ya zile kuni Ma Gaudiosa aliacha kumpa Dastan kahawa. Kwetu mtoto haagwi mikono mitupu. Mama humtilia kiganjani punje chache za kahawa za kutafuna njiani. Dastan sasa aliagwa kwa maneno tu. Hakuhitaji kufasiriwa. Mama alikuwa bado anamsubiri mwanawe, naye mdogo mtu amekwenda kumzika kitabuni. Si kila akilala Kimwani, asubuhi huukuta mlango wa nyuma haujatiwa komeo?

Nakala zilipokwisha, watu wakaomba nyingine. Dastan akaona hii ndiyo nafasi ya kuirekebisha riwaya, na pengine kumfufua Saburi, ili mama yake apoe. Alimpa nakala Mwalimu Nuriat, mwalimu wa Kiswahili pale mjini, mwanamke asiyejua kubembeleza. Aliirudisha imejaa penseli.

"Hao waombolezaji wako wanalia kama wa kwenye mchezo wa redio," alimwambia. "Na sentensi yako ya kwanza inanisumbua. *Saburi alitoka kwa mlango wa nyuma.* Alitoka lini?"

"Zamani."

"Mbona haisomeki kama ya zamani? Nimesoma kitabu kizima nikidhani yuko hapo nje."

Pembeni mwa ukurasa alikuwa ameandika neno moja, *Lini?*, akalipigia mstari. Lilimnyima Dastan raha. Akiandika mwaka, sentensi inakuwa ya uongo. Akiandika "siku moja", inakuwa hadithi ya watoto. Akiifuta yote, sura nzima inaanguka. Jioni, akishafunga duka, alikuwa akiisoma kwa sauti, na kila alipofika kwenye "nyuma" alihisi kuna mtu nyuma yake ananyamaza ili asikie vizuri. Aliogopa. Mtu mzima mwenye ndevu, anaogopa sentensi aliyoiandika mwenyewe.

Basi akaamua kwenda kumsomea mama yake kitabu chote, na mama ndiye aseme ndiyo au hapana. Akikataa, Saburi atatolewa kaburini, au kitabu hakitachapwa tena.

Alimkuta jikoni anamenya maharage mabichi, mvua ikipiga migomba nje.

"Wasibota, mawe," alimsalimu mama yake kwa Kihaya.

Mama aliitikia, akamwonyesha kigoda kwa kidole. Dastan alipomweleza alichokuja nacho, alisogeza ungo pembeni kidogo tu.

"Soma. Lakini Kiswahili chako cha kitabu kinanichosha. Nisomee Kihaya."

Hilo Dastan hakulitegemea, lakini aliona ni jepesi, kwa kuwa Kihaya ndicho alichonyonya. Alifungua ukurasa wa kwanza, akatazama *Saburi alitoka*, akakwama. Kiswahili kina "alitoka" moja, inabeba yote, ya adhuhuri na ya enzi za Wajerumani. Kihaya hakikubali uvivu huo. Aliyeondoka leo ni *yagenda*. Wa jana ni *agenzile*. Wa zamani, ambaye siku zimeshamfunika, ni *akagenda*. Huwezi kufungua mdomo kabla hujaamua. Miaka yote hiyo Dastan alikuwa amejificha ndani ya Kiswahili bila kujua.

Saburi amekufa, amezikwa, kitabu chenyewe kinasema. Dastan alikusudia *akagenda*. Alivuta pumzi, akasoma, na mdomo wake ukasema:

"*Saburi yagenda.*"

Mikono ya Ma Gaudiosa ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea.

"Endelea," alisema.

Aliendelea. Kila "alitoka" na kila "alisema" ya Saburi ilitoka kinywani mwake ikiwa ya leo. Alijaribu kujisahihisha, ulimi ukateleza palepale. Alifika ziwani, akafika kwenye mgomba uliovikwa shati, na hata hapo alisikia sauti yake ikimzika mtu aliyeondoka asubuhi hii, ambaye bakuli lake la uji lina joto. Alifunga kitabu. Hakuthubutu kuinua macho.

"Sasa umejua nimesema nini," alisema. "Kama nimekukosea, mawe, nitaitoa hiyo sura. Nitamrudisha."

"Utamrudisha kutoka wapi?"

Dastan alitazama jalada la kitabu.

"Mimi husemaje nikimtaja kaka yako?" aliuliza mama yake.

Alijaribu kukumbuka, na lilikuwa jambo la aibu kwamba alilazimika kujaribu.

"Husema *akagenda*," Ma Gaudiosa alijijibu. "Tangu tulipomzika baba yako. Siku ile nilitazama pale pembeni yake, nikaona ni mahali pa Joackim, nikakubali. Uliposema kwenye kitabu kwamba tumezika mgomba, nilifurahi. Nikasema, Dastan naye amekubali. Watu walipoleta kuni nilizipokea. Nilingoja uje tumzike kweli, hata kama ni mgomba. Wewe ukaja, ukala, ukaondoka, hukutia neno. Nilikasirika."

"Ndiyo maana ya kahawa?"

"Kahawa nampa anayesafiri. Wewe hujawahi kutoka hapa."

Mvua iliongezeka.

"Na huo mlango wa nyuma?" Dastan aliuliza. "Mbona huufungi, kama umekubali?"

Ma Gaudiosa alimtazama kwa huruma ambayo hakuwa ameionyesha tangu Dastan aingie.

"Mimi hufunga kila siku, mwanangu. Ukija wewe ndipo unakuwa wazi. Unaamka usiku, unatoa komeo, unarudi kulala. Tangu ulipokuwa mdogo. Asubuhi hukumbuki. Mwanzoni nilikuwa naamka kufunga tena, nikachoka."

Dastan alisimama. Alikwenda nyuma, akausukuma mlango ule. Nje palikuwa na kibanja, majani ya migomba yakiinama kwa maji, njia nyembamba ikipotea katikati yake. Hakuna aliyekuwa anakuja. Alisimama kuangalia hivyo, akihakikisha, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauvuta mlango, akatia komeo kwa mkono wake mwenyewe, mchana, akiwa macho. Lilikuwa limechakaa, likalia.

Aliporudi, mama yake alikuwa amemaliza maharage. Juu ya kigoda alichokuwa amekalia Dastan palikuwa na punje za kahawa, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba.

"Nisomee tena," alisema Ma Gaudiosa. "Ile ya mwisho, ya kuzika. Polepole. Na huyo Saburi simjui."

Dastan alifungua ukurasa. Ulimi wake ulikuwa mzito, na alilia kabla ya kuanza, mama yake akamwacha alie. Kisha akasoma sentensi ya kwanza ya mazishi, neno kwa neno, kwa ile *akagenda* ya zamani, na alipofika kwenye jina, akasema Joackim.