Rusi kwa R

Wiki jana kijana mmoja wa ofisini kwetu, hapo katikati ya jiji, alituma vioja vya Kiingereza kwenye kundi letu la WhatsApp. Neno queue lina herufi tano, nne hazina kazi. Knife ina K ambayo hakuna anayeisoma. Wenzangu wakacheka sana. Mimi niliendelea kusoma mpaka nikafika kwa colonel, na hapo, rafiki yangu, chai yangu ikapoa mezani. Neno hilo niliwahi kulitumia kulipiza kisasi.

Nilikulia Kinoo, pembezoni mwa jiji, kwa nyanya yangu, shosho, kabla magorofa hayajameza mashamba. Jikoni kwake kulikuwa na moshi, harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka pamoja, na mlio wa punje za mahindi zikidondoka kwenye karai tulipokuwa tukipukuchua jioni. Jina langu ni Lucy, lakini shosho, kama wazee wengi wa Kikuyu, hakuwa na L kinywani. Aliniita Rusi. Akiwa zizini alilivuta jina hilo, nami nililisikia hadi barabarani. Sijaitwa vizuri namna hiyo tena.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa tai na suruali ya kunyooshwa, na kilichomchukiza kuliko vyote ni kushrabu, yaani kusema Kiingereza kwa lafudhi ya nyumbani. Shosho alifunga kitambaa chake cha kanisani, akapanga foleni, na zamu yake ilipofika akasema amekuja kuona kazi ya Rusi.

"Hapa hatuna Rusi," mwalimu akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Tuko na Lucy. Hebu sema, shosho. Lu-cy."

Shosho akajaribu. Akarudishwa. Akajaribu tena, na wazazi wakacheka, hata wale ambao wao wenyewe wasingeweza. Akakaza kitambaa chake, akatoka bila kuona daftari langu, na hakukanyaga tena shuleni pale. Lakini kilichoniuma hasa ni kwamba tangu siku hiyo hakuniita Rusi. Nikawa "wewe", nikawa "mtoto", na akiwa zizini alinipigia makofi badala ya kuniita. Mwalimu alikuwa amemnyang'anya jina langu. Nikaapa kwamba nitamlipa, na nitalirudisha.

Nikaanza kusoma kamusi ya Kiingereza kama mtu anayenoa panga. Nilitafuta mahali ambapo Waingereza wenyewe wanateleza, na siku moja nikapata colonel, yaani kanali. Limeandikwa kwa L pale katikati, lakini kamusi ilisema lisomwe kama kernel, kwa R, neno lao la punje ya mahindi. Nikacheka peke yangu. Kumbe nao wanashrabu, ila wao kosa lao limeingizwa kwenye kamusi.

Bahati ikanijia yenyewe. Mgeni wa siku ya zawadi alikuwa kanali mstaafu kutoka mtaa wa Mountain View, na mwalimu akatutungia shairi la kumkaribisha. Kila jioni darasa zima lilipaza sauti, "Welcome, ko-lo-nel," vile alivyotufundisha. Mimi nilijua. Sikumwambia, na kwenye mazoezi nilipaza sauti kuliko wote.

Siku yenyewe kanali alicheka mpaka akashika tumbo. Akamwita mwalimu mbele kwenye maikrofoni.

"Mwalimu, hiyo cheo umenipea ni gani? Hebu sema na mimi. Ker-nel."

Mwalimu akajaribu. Akarudishwa. Wazazi walewale wakacheka. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, nami nikakaa nikilitazama. Nilifurahi siku ile, na hadi leo nafurahi.

Nilikimbia nyumbani. Shosho alikuwa jikoni na mahindi yake, nikamweleza yote, na kwamba hata wazungu wanaandika L wakasoma R, kwa hivyo Rusi ni Kiingereza safi.

"Na ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilikuwa najua."

"Na ukanyamaza."

Akacheka hadi machozi yakamtoka. Akasema kumbe mgeni wetu mkubwa alikuwa punje tu, akanitolea jivuni kiazi kitamu kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. "Rusi, leta karai," akasema, bado anacheka.

Kisha ghafla akageuka akatazama mlangoni, kana kwamba mwalimu amesimama pale. Akaanza kujisahihisha aseme Lucy, ulimi ukagoma.

"Wewe," akasema polepole. "Leta karai."

Jina Rusi hakulitamka tena mpaka alipofariki. Palipokuwa na jiko lake sasa pana nyumba za kupanga, na zizi limekuwa maegesho. Watu wote wananiita Lucy, na L yao imenyooka. Mwalimu yuko hai, amezeeka, na nikipita Kinoo huniita kutoka ng'ambo ya barabara, akitamka kila herufi. Wengine wakiniita hivyo naitika. Yeye simwitikii.